Dharura ya Kuni ya Mfalme Kiboko

"Niwashe ngano?"

"Washa!"

"Ikifuka moshi?"

"Tutapuliza!"

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza lao na kura zikipigwa kwa mikia, Bi Kindi na Fisi walikuwa wanagombana. Bi Kindi alikuwa juu ya mkuyu wake. Fisi alikuwa chini, na shoka la Mfalme begani.

"Shuka, Bi Kindi. Mti huu ni kuni tangu jana."

"Tangu jana ni nyumba, Bwana Fisi. Na juzi pia. Humu mna watoto wanne, hata macho hawajafumbua."

Fisi akasema hana ubaya na watoto, ana amri tu. Mfalme Kiboko alikuwa ametangaza Dharura ya Kuni. Alisema kuni zimekwisha nchini na baridi inakuja. Kwa hiyo mti wowote ukatwe bila mwenyewe kuulizwa, na kila kijiti kipelekwe kwenye ghala la Mfalme. Wanyama wakatii. Wakala viazi vibichi, wakalala wakitetemeka, wakangoja dharura iishe. Haikuisha.

Bi Kindi akakumbuka mila moja: jambo likiwa barazani, shoka hulala. Akakimbia barazani kuomba dharura ifutwe.

Siku ya kwanza wajumbe wakajadili mpaka koo zikawakauka, kisha wakainua mikia. Waliotaka ifutwe walikuwa wengi. Kiboko akapiga mwayo, akasema amekataa. Na Mfalme akikataa, kumshinda kulihitaji mikia ishirini kati ya thelathini.

Siku ya pili wakainua tena, wakahesabu, wakapata kumi na tisa. Kobe akaapa kwamba wake ameuinua. Hakuna aliyeuona.

Ikabaki siku moja, maana jambo halijadiliwi zaidi ya mara tatu. Fisi akaanza kunoa shoka.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Bi Kindi akaomba, kwa adabu zote, baraza lihamie ndani ya ghala la Mfalme. Kwa kuwa kuni zimekwisha, alisema, bila shaka humo mna nafasi. Kiboko angesema nini? Akafungua mlango. Magogo yakamiminika nje, moja likamgonga Nyumbu ugokoni.

Sasa, kwa mila yao, baraza halifunguliwi mpaka kila mjumbe ameketi. Wakaanza kuzitoa kuni. Wakatoa, wakatoa, mpaka adhuhuri. Nyuma ya rundo la mwisho wakakuta dimbwi linafuka mvuke, na taulo pembeni. Mfalme alikuwa akioga maji ya moto humo, mara tatu kwa siku. Kiboko akaeleza kwamba hizo zilikuwa shughuli za serikali.

Fisi naye alikuwa amevuta ubao mmoja, akaugeuza, akautazama sana. Ulikuwa mlango wa nyumba yake. Aliutoa mwenyewe kwa uzalendo, na tangu siku hiyo upepo ulikuwa unamzaba makofi kitandani. Fisi hucheka kila kitu, lakini hilo hakulicheka.

Wakaketi. Wakainua mikia. Kobe wakampindua chali kabisa, ili asiwepo wa kubisha. Ikawa ishirini. Halafu polepole, nyuma kabisa, mkia wa Fisi ukapanda, ikawa ishirini na moja. Dharura ikafa, na mkuyu ukabaki umesimama.

Ngano yangu imebaki majivu. Anayetaka funzo alichukue kabla halijapoa. Ni maneno aliyoyasema Bi Kindi mlangoni mwa ghala, Kiboko alipomnong'oneza kwamba kiangazi kikifika atatangaza Dharura ya Maji:

"Tangaza, Mheshimiwa. Ila kuanzia leo, anayetutangazia shida atatufungulia ghala lake kwanza, ndipo tukubali kuona kiu."