Mto wa Sufi Mgongoni mwa Mzee Kobe

Zamani hizo, wanangu, wanyama walijenga, wakaoa na kuchuuza kama sisi. Ilikuwa Jumanne, tarehe saba ya Mfunguo Tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nguchiro alipofika kwenye mizani ya barabarani na mto wa sufi kwapani.

Mizani yenyewe ilikuwa ubao tu, na chini ya ubao alilala Mzee Kobe. Kila mkokoteni wa kwenda sokoni ulipita juu yake. Mzigo ukizidi, mgongo ulimuuma, naye akapiga kelele: "Shusha! Shusha!" Ndiyo maana barabara ilikuwa nzima.

"Shikamoo, babu. Mgongo waonaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Unawaka moto!"

"Basi nimekuletea mto. Uweke juu ya gamba."

"Lo! Mungu akuzidishie."

Nguchiro akacheka moyoni. Kichakani Kiboko alingoja na mkokoteni uliojaa mawe kupita kiasi. Alikwisha kumwahidi: "Nipitishe, nami nitakujengea nyumba ya mawe."

Kiboko akapita, ubao ukalia kwaa! Kobe, mto mgongoni, hakuhisi uzito.

"Umebeba nini leo, Kiboko? Mbona chepesi?"

"Pamba tupu, mzee!" akajibu Kiboko, huku akimkonyeza Nguchiro.

Ikawa hivyo kila siku. Barabara ikapasuka, ikajaa mashimo. Wachuuzi wakapita pembeni, matope hadi magotini.

"Njia imekuwa kinywa cha kibogoyo!" akasema Bi Kwale, jirani yake Nguchiro, sinia la vitumbua kichwani. "Ewe mwerevu, hebu tuambie, nani anaitafuna?"

"Mvua, dada," akajibu Nguchiro, akitazama chini.

Asubuhi moja, mvua ikinyesha, gurudumu la Kiboko likazama shimoni. Mkokoteni ukapinduka, puu! Mawe yakamfunika Bi Kwale, aliyekuwa akipita pembeni, na vitumbua vyake.

Mazikoni, Mzee Kobe akajikokota mbele ya watu.

"Jamani, mwenye mizani ni mimi. Mgongo umezeeka, haukuhisi kitu. Nimemuua mimi. Nifukuzeni."

"Kweli, aondoke!" wakubwa wa kijiji wakanong'ona, na Kiboko akanong'ona zaidi yao.

"Hata huyu mtoto alinihurumia bure," Kobe akasema, akimwonyesha Nguchiro.

Nguchiro akaona aibu. Akitamka, nyumba imekwenda na heshima imekwenda. Akinyamaza, mzee asiye na kosa atafukuzwa.

"Msimfukuze," akasema Nguchiro. "Mto ule ulikuwa hila. Nilimziba mgongo ili asihisi mawe ya Kiboko."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

"Mjukuu wangu," akasema Kobe taratibu, "shika jembe. Wenzako wanafukia kaburi."

Akashika jembe, akafukia, wala hakuthubutu kuinua macho.

Wanangu, ujanja unaoharibu njia ya wote humwangukia asiye na kosa.

Ee Mola, mrehemu Bi Kwale, mpanulie kaburi lake, na uwalaze pema wote waliotutangulia. Amina.