Jivu Ng'ambo ya Mto

"Mbwa atakayekufuata, toka naye." Maneno haya mmeyasikia leo kwa shangazi yenu alipokuwa akisemezana na mumewe, na sasa mwaniuliza yametoka wapi. Basi sogeeni, mikono iendelee kupukuchua mahindi, mimi niwaeleze yalivyoanza.

Huko milimani Upare alikuwako mfugaji wa mbuzi aliyeitwa Mbonea. Alikuwa na mbwa wa rangi ya majivu, akamwita Jivu. Mbonea akienda malishoni, Jivu yuko. Akienda mnadani, Jivu yuko. Hata msibani watu walimwona mbwa kwanza, ndipo wakajua mwenyewe yu njiani.

Siku moja zikaja habari kwamba binti yake Nakijwa, aliyeolewa bondeni ng'ambo ya mto, amejifungua. Mbonea akajiandaa kwenda kumwona mjukuu. Lakini safari iliyopita Jivu alikuwa amemwaibisha: aliingia jikoni kwa wakwe, akatoka na paja la mbuzi mdomoni mbele ya wageni. Mbonea hakutaka aibu ile imrudie. Akachukua kamba ya mkonge, akamfunga mbwa kwenye nguzo ya zizi.

Mkewe, aliyekuwa akiuguza goti, alimtazama kutoka kizingitini.

"Baba Nakijwa, nenda naye. Utamfunga hukohuko."

"Ukweni hakuendwi na mbwa, mama. Kesho tu nimerudi."

"Huyo atakufuata. Na akija nyuma yako, nani atamwangalia njiani?"

Mbonea akacheka. "Kwa kamba hii?"

Akateremka. Mtoni maji yalimfika vifundoni, akavuka viatu vikiwa mkononi. Kwa wakwe alipokewa vizuri, akampakata mjukuu, akala, akalala kwa amani. Huku nyuma mvua kubwa ikanyesha milimani.

Asubuhi mkwewe Kanankira, mume wa Nakijwa, akamsindikiza. Walipofika mtoni walikuta maji mekundu yakibeba magogo na migomba. Na ng'ambo ya pili alikuwa amesimama Jivu, ameloa chapachapa, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Alikuwa ameitafuna ikakatika.

Mbwa alipomwona bwana wake akaanza kulia, akikimbia huku na huku ukingoni. Mbonea akaingiwa na hofu. Alitaka mbwa aende nyumbani, akapaza sauti:

"Jivu, rudi! Rudi!"

Loo! Neno hilohilo ndilo alilomwitia kila jioni malishoni, alipotaka aje miguuni pake. Jivu hakulijua kwa maana nyingine. Aliposikia tu, akajitosa.

Aliogelea kwa nguvu zake zote. Wakakiona kichwa chake kikikaribia.

"Anafika, baba! Anafika!" Kanankira alipiga kelele.

Ndipo likapita gogo, mizizi yake ikainasa ile kamba. Kichwa kikazama, kikaibuka mara moja, kikazama tena. Mbonea aliingia majini mpaka kifuani. Kanankira akamkamata kiunoni, akamvuta nje kwa shida. Wakakaa kwenye tope. Mtu mzima yule alilia mbele ya mkwewe, wala hakujificha uso.

Maji yalipopungua alipanda mlima peke yake. Mkewe alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma ya mumewe, akaona njia tupu, akaelewa.

"Nilimwita alipokata kamba," alisema taratibu. "Hakugeuka."

"Uliniambia," Mbonea akajibu. "Angeniaibisha tu, Mama Nakijwa. Aibu si huisha?"

Miaka ikapita. Kanankira akapata kazi machimboni, mbali sana, akaja kuaga. Alisema atamwacha Nakijwa na mtoto mpaka mambo yake yanyooke. Lakini Nakijwa mzigo wake alikwisha kuufunga. Wazee wote wakamuunga mkono Kanankira: mwanamke abaki. Alibaki Mbonea kutoa lake. Wakamgeukia.

"Njia ni mbaya, baba," Kanankira akajitetea.

"Najua ni mbaya. Na akikufuata peke yake, itakuwa nzuri?"

Kanankira akamtazama Nakijwa na ule mzigo wake, akainamisha kichwa. Mbonea akamalizia:

"Mwanangu, mbwa atakayekufuata, toka naye."

Binti yake alikuwa amefananishwa na mbwa mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyecheka.