Nungunungu na Maziwa ya Suluhu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Nyie wa huko nyuma mmekula nini leo, ugali au pamba? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana, alikuwepo Nungunungu mmoja, jina lake Bi Sikudhani. Alikaa kwenye kilima cha mawe. Chini ya kilima palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa la nyati. Nyati wana maziwa meupe pe, mazito, mafuta yanaelea juu. Na zamani hizo hawakuwa wachoyo. Jirani akipita alipewa kibuyu. Bi Sikudhani aliyanywa maziwa hayo tangu yuko mdogo, na hakuna siku aliyosema, jamani, tumbo.

Siku moja kitoto cha nyati kikachezea mkia wa Bi Sikudhani. Kikachomwa mwiba puani. Mzee Mbogo, mkuu wa nyati, akaja juu.

"Wee! Unatuchomea watoto?"

Bi Sikudhani naye alikuwa na mdomo, si haba. "Wafunzeni adabu! Na maziwa yenu mnywe wenyewe. Kuanzia leo hayapiti kooni mwangu!"

Akapanda kilima. Akala mizizi. Akanywa maji ya dimbwi lake. Masika yakaja, masika yakapita. Yakaja mengine, yakapita. Akazaa watoto, akawalea huko huko juu. Maziwa akayasahau hata harufu yake.

Kisha mvua ikagoma. Dimbwi likakauka kau. Watoto wakalamba mawe. Yule mdogo akawa anatembea anaanguka, ananyanyuka, anaanguka. "Mama, maji." Mama atatoa wapi? Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya nyati.

Lakini nyati wana desturi yao. Waliyegombana naye hagusi maji mpaka anywe maziwa. Kwanza maziwa, ndipo maji. Anakunywa mbele ya kundi zima, kisha anaketi kwenye duara, katikati ya ndama, mpaka jua lizame. Akitulia, ugomvi umekwisha. Akiinuka kabla ya wakati, au akitunisha mwili, ana kinyongo huyo. Atafukuzwa kwa pembe, yeye na kizazi chake.

Bi Sikudhani akasema moyoni, ah, maziwa tu? Akawashusha wanawe bondeni.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Mbogo."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Suluhu, Mzee wangu. Hasira hasara. Wanangu wanakufa kwa kiu."

Mzee Mbogo akawaweka watoto kando ya chemchemi. Maji waliyaona. Maji waliyasikia, chururu, chururu. Kuyagusa, marufuku.

Akaja Bi Mwatumu kumimina maziwa. Huyu Bi Mwatumu ndiye yule yule aliyechomwa mwiba puani. Sasa ni mama mzima, na kovu lake lipo. Akainama, akanong'ona, "Bibi, umekaa siku nyingi bila maziwa. Nikupunguzie?"

Bi Sikudhani akashtuka. Akaona, nikikubali watasema sitaki suluhu. Akapaza sauti, "Unipunguzie nina nini? Jaza!"

Kikajazwa kibuyu. Akanywa. Gudu, gudu, gudu. Kibuyu kikaisha. Nyati wakapiga kwato, pu! pu! pu! Sifa zikampanda kichwani.

"Ongeza!"

Ongeza, alisema. Mnamsikia? Watoto wana kiu, yeye anatafuta vifijo. Akaongezwa. Gudu, gudu, gudu.

Basi ulimi uliyakumbuka maziwa. Tumbo halikuyakumbuka. Tumbo likauliza, nani huyu anayeingia bila hodi?

Bi Sikudhani akaketi kwenye duara. Ndama wakaketi kumzunguka, huyu kulia, huyu kushoto. Binti wa Bi Mwatumu, jina lake Kidawa, akajibanza karibu kabisa, kati ya pua yake na mwiba hapapiti hata jani. Jua lilikuwa juu bado. Juu, juu kabisa.

Nguru.

Bi Sikudhani akakaza uso.

Nguru, nguru, buru buru buru.

"Bibi," Kidawa akauliza, "mbona unanguruma?"

"Si mimi, mwanangu. Ni radi."

Nyati wote wakatazama mbinguni. Wingu hata la dawa halikuwepo. Wakatazamana. Mzee Mbogo akasogea hatua moja.

Tumbo likavimba. Likajaa upepo, likawa ngoma. Likaanza kusokota, likalegeza, likasokota tena. Na nungunungu, ndugu zangu, hana siri. Nyinyi mkiumwa mnakunja uso. Yeye akiumwa, miiba husimama. Mwiba mmoja ukasimama, tik! Akauvuta chini. Ukasimama wa pili, tik! Akauvuta chini. Akaanza kuimba kimoyomoyo, nanyi mwimbe nami, polepole:

Lala mwiba, lala,
ndama asikuone.
Lala mwiba, lala,
mwanangu anywe maji.

Nguru, nguru. Tik! Tik! Miiba ya mgongoni ikaanza kugongana, chakacha, chakacha.

"Anatunisha!" nyati mmoja akapiga kelele. "Ana vita huyu!"

"Sina vita!" Bi Sikudhani akasema.

"Mbona miiba imesimama?"

Hapo angesema kweli. Neno lenyewe ni fupi, tumbo. Akaona aibu. Mama mzima, aliyesema jaza, aliyesema ongeza, aseme maziwa yamemshinda? Akafunga mdomo ndi. Jasho likamtoka. Nyati wakainamisha pembe. Kwato zikachimba vumbi. Kule kando yule mtoto mdogo akaanguka, na safari hii hakunyanyuka.

Lala mwiba, lala,
ndama asikuone.
Lala mwiba, lala,
mwanangu anywe maji.

Tumbo likasokota msokoto ule wenyewe. Bi Sikudhani akajua, hapa sizuii tena. Akatazama kulia, akaona ndama. Akatazama kushoto, ndama. Mwiba mrefu umeelekea jicho la Kidawa. Akitulia, Kidawa anapofuka. Akiinuka, suluhu imekufa, na wanawe nao.



"Kimbieni!" akapiga kelele. "Watoto, kimbieni! Kidawa, toka!"

Ndama wakatawanyika. Chakacha! Miiba yote ikasimama wima. Bi Sikudhani akaruka nje ya duara, mbio, mbio, kichakani. Na huko kichakani, mkisikia ninavyosikia mimi, pruuuu! Pru! Pruuuuu!

Msicheke. Haya, chekeni kidogo. Basi, imetosha, kuna mtoto ameanguka kule.

Mzee Mbogo alikwisha fika kichakani, pembe chini. "Umevunja duara!"

"Nimelivunja," Bi Sikudhani akajibu, amelala ubavu, machozi yanamtoka. "Niue ukitaka. Sina kinyongo, Mzee. Nina tumbo. Tumbo langu limeyasahau maziwa yenu, nami niliona haya kusema. Wanangu wape maji, wao hawakuapa kitu."

Bi Mwatumu akapita mbele ya pembe za Mzee Mbogo. "Baba, mimi ndiye mwenye kovu. Mwenye kinyongo haambii ndama wakimbie."

Mzee Mbogo akavuta pumzi. Akatazama kichaka, akatazama chemchemi. "Watoto wanywe."

Yule mdogo akabebwa. Akatumbukizwa mdomo majini, akabaki hivyo hivyo, hanywi. Mama yake akiona kwa mbali, hawezi kusimama. Kisha, glu. Kisha, glu glu. Bi Sikudhani akalia kwa sauti, hakujali nani anamsikia.

"Lakini wewe," Mzee Mbogo akasema, "desturi ni desturi. Maji hugusi mpaka ukae duarani."

Basi akakaa pembeni mwa bonde. Akanyonya mizizi, akala matango pori ili asife kwa kiu. Bi Mwatumu akamletea maziwa mgando kwenye jani, kidogo tu. "Lamba, Bibi. Usimeze kwa pupa." Akalamba. Tumbo likanguruma, wakaacha. Likatulia, wakarudia. Jani likawa majani mawili. Yakawa kifuu. Kila nyati aliyepita alimwuliza, "Bibi, tumbo laonaje?" Mwanzoni alitamani ardhi ipasuke aingie. Baadaye akawa anajibu tu, "Leo limekorofisha," au, "Leo halijambo."

Ikafika siku akasema, "Leo niwekeni duarani."

Akanywa kibuyu, taratibu, akipumzika. Hakuna aliyepiga kwato. Wote walikuwa wanasikiliza tumbo. Ndama wakaketi. Kidawa akaketi pale pale pake. Jua likashuka. Nguru, tumbo likasema. Nyati wakabana pumzi. Mwiba ukatikisika, ukalala. Jua likashuka tena, likagusa kilima, likazama.

"Suluhu!" Mzee Mbogo akasema. "Bi Sikudhani, nenda kanywe maji."

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Chemchemi iko hapo, chururu, chururu. Hakuinuka.

"Nimesema nenda kanywe!"

"Shh," Bi Sikudhani akasema. "Punguza sauti, Mzee. Mtoto amelala."

Kweli, Kidawa alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya miiba.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Ulichokiacha siku nyingi, kiwe chakula, awe jirani, usikirudie kwa pupa. Kirudie kidogo kidogo. Na tumbo likikuuma sema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Hadithi yangu imeishia hapo, nami naishia hapo nayo. Aliyeelewa amweleze aliyesinzia.