Mguu wa Bi Kidawa na Nguo ya Nadhiri

Leo sikuleta hadithi ya kulalia. Nimeleta kesi, na ninyi ndio mahakama. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana nikimaliza nitauliza swali, na nitakayemuuliza asianze kukuna kichwa.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Chiku, mkamwana wa Bi Kidawa, yule mama fundi cherehani wa Korogwe. Kipaji cha Chiku kilikuwa mikono. Mwanamke akijifungua mtaani kwao, Chiku ndiye aliyeitwa kumkanda, na mikono yake ilikuwa imezoea maji ya moto kiasi kwamba aliitumbukiza kwenye beseni ambalo mimi na wewe tungelikimbia.

Wa pili ni Mwajabu, binti wa kumzaa wa Bi Kidawa. Kipaji chake mdomo. Mwajabu akishika neno haliachii, na ukibishana naye utarudi nyumbani umekubali jambo ambalo hukwenda kulizungumza.

Wa tatu ni Dokta Ngowi, wa hospitali moja kubwa Dar es Salaam. Kipaji chake vidole. Alikuwa anaweza kutoboa tundu dogo kwenye kinena, akapitisha mrija na waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu mpaka chini ya goti, na mgonjwa yuko macho anamtazama.

Sasa Bi Kidawa mwenyewe. Mjane, ana kisukari, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio uliomlisha na kuwasomesha watoto wake. Hilo liwekeni kichwani, tutalirudia.

Mambo yalianzia njia ya sokoni. Bi Kidawa alikuwa na mtindo wa kusimama. Atasimama kwa muuza mkaa, aulize habari za watoto. Atasogea kidogo, asimame kwa muuza nyanya, aulize habari zilezile. Mwajabu, aliyekuwa anabeba kikapu, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, umbea huu utakuua," akamwambia mbele za watu. "Hupiti mlango wa mtu bila kupiga soga?"

Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Hakusema kwamba kigimbi cha mguu wa kulia kilikuwa kinambana kila akitembea, na akisimama kidogo kinaachia. Salamu zote zile zilikuwa za kupumzisha mguu.

Chiku ndiye aliyegundua jambo. Siku moja alikuwa anampaka mama mkwe wake mafuta miguuni, akakuta wa kushoto una joto na wa kulia wa baridi.

"Mama, mbona mguu huu umepoa hivi?"

"Uzee, mwanangu."

Chiku hakuridhika, akafanya alichokuwa anakijua. Akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akaanza kukanda. Sasa sikilizeni vizuri. Anayekanda humuuliza anayekandwa, maana mwenye mwili ndiye anayejua moto. Chiku akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Yanaunguza, mama?"

"Hata. Ongeza."

Akaongeza ya moto. "Na sasa?"

"Ongeza tu, mwanangu."

Akaongeza tena. Kesho yake mguu ulikuwa umejaa malengelenge, na ngozi ya juu ikabaki kwenye shuka. Chiku alikaa chini sakafuni akalia, na aliyekuwa anambembeleza ni huyohuyo aliyeungua.

Kidonda kikagoma kupona. Kidole kidogo kikaanza kuwa cheusi, wakaenda hospitali ya wilaya. Daktari wa pale akakagua, akasema damu haifiki mguuni, ni heri wakate chini ya goti kabla sumu haijapanda. Chiku akainamisha kichwa. Mwajabu akainua wake.

"Daktari, umesema damu haifiki. Imekwama wapi?"

"Mashine ya kuonyesha hapo hatuna, dada yangu."

"Wapi wanayo?"

"Dar. Lakini muda hauko upande wetu."

"Basi tusiupoteze hapa. Tuandikie twende."

Daktari akakataa. Mwajabu akahamia kwa mganga mkuu, akamwambia huyu ni fundi wa cherehani ya miguu, ukimkata mguu umemkata na mikono. Akasema mpaka mganga mkuu akaita gari la wagonjwa mwenyewe. Wengine walisema amelitoa ili apate kimya.

Dar, Bi Kidawa akalazwa. Akiwa kitandani, mbele ya mkamwana, binti na Dokta Ngowi, akaweka nadhiri. "Nyumbani nina kitenge cha zambarau, nilikiweka siku nyingi. Mungu akinirudishia mguu huu, nguo ya kwanza nitakayoshona ni ya aliyeuokoa."

Dokta Ngowi akapiga ganzi kwenye kinena, akapitisha waya. Kwenye skrini wakaiona njia ya damu: pajani iko wazi, chini ya goti imekatika. Waya ukafika pale ukagota. Akausukuma, akaugeuza, ukakataa. Akautoa.

"Nimeshindwa, mama," akasema. "Tujiandae kukata."

Wakakaa wadi kusubiri zamu ya kukatwa. Siku hizo Chiku hakutoka kando ya kitanda. Muuguzi alimfundisha kusafisha kidonda na kukifunga, akamsimamia mpaka akaridhika. Mikono ile ile ikaosha pale ilipounguza, asubuhi na jioni, na uchafu haukupata nafasi ya kupanda. Kidole kidogo kilikufa hata hivyo, wakakiondoa.

Kisha Dokta Ngowi akarudi, hata kuketi hakuketi. "Mama, kuna njia nyingine. Nikushughulikie tena?"

Safari hii alianza chini. Waliovaa sketi za mpira watanielewa: mpira ukikwama kiunoni upande mmoja, fundi huanzia upande wa pili. Dokta akatoboa mshipa mdogo juu ya unyayo, akapandisha waya taratibu, mpaka ukapenya pale palipoziba na kuingia kwenye mrija ulioteremshwa kutoka kinena. Njia ikapatikana. Akapitisha puto dogo, akalijaza, likausukuma kando uchafu ulioziba mshipa, akalitoa. Kwenye skrini damu ikateremka mpaka vidoleni.

Waliporudi wadi, Chiku akaweka mgongo wa kiganja juu ya mguu. Akakiacha pale muda mrefu.

"Mama," akasema, "mguu umepata moto wenyewe."

Mguu ukabaki. Kidonda kilichukua miezi kufunga, lakini kilifunga.

Mwezi wa kumi na mbili Dokta Ngowi alikuwa anakwenda kwao Moshi kula sikukuu, na barabara inapita Korogwe. Akashuka kumsalimia mgonjwa wake. Akamkuta Bi Kidawa amekaa kwenye cherehani, mguu uko juu ya pedeli, tepu shingoni, kitenge cha zambarau kimekunjuliwa mezani. Chiku na Mwajabu wapo.

"Umekuja wakati wake," Bi Kidawa akasema. "Kitenge hiki kinatoa nguo moja. Aliyeuokoa mguu wangu asimame nimpime."

Hakusimama mtu.

"Dokta?"

Dokta Ngowi akatazama mguu wenye vidole vinne. "Mama, ile njia ya chini niliijua tangu siku ya kwanza. Ulikuwa mgonjwa wangu wa mwisho, nilikuwa nimechoka, nikataka kwenda nyumbani. Ningejaribu siku ile kidole kingekuwepo. Mpe binti yako. Bila mdomo wake nisingekuona kabisa."

"Mwajabu?"

Mwajabu, kwa mara ya kwanza, akajisema mwenyewe. "Nilikucheka sokoni, mama. Ulikuwa unaumwa nikakuita mmbea, na watu wakacheka kwa sababu yangu. Ningeuliza badala ya kusema, ungetibiwa huna hata kidonda. Mpe wifi. Ndiye aliyejua kwamba mguu umepoa, na ndiye aliyekulindia kidonda."

Chiku alikuwa amekwishaficha mikono ndani ya kanga.

"Mimi nilikuunguza," akasema. "Nikivaa nguo hiyo nitakuwa nimevaa ngozi yako. Mpe dokta."

"Lakini bila kuungua asingefika hospitali," dokta akasema. "Angekaa na mguu wake wa baridi mpaka uoze wote."

"Hilo usinipe kama sifa, dokta. Nakuomba."

Bi Kidawa akavua tepu shingoni akaitupa mezani. "Mnanikimbia kama nimeshika kiboko. Basi na mimi niseme langu. Mguu ule ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani. Nilijua. Nilinyamaza nisije nikakatazwa kukanyaga cherehani. Chiku aliponiuliza kama maji yanaunguza, sikuwa nasikia kitu. Nikasema ongeza. Nikamwacha alie sakafuni, akidhani kosa ni lake peke yake, na sikufungua mdomo mpaka leo."

Chiku akamtazama. Mikono haikutoka kwenye kanga.

Kesi ndiyo hiyo. Asingekuwepo Chiku, hakuna ambaye angejua mguu umepoa, na mguu ungeoza kabla ya puto kufika. Asingekuwepo Mwajabu, mguu ungebaki kwenye ndoo ya hospitali ya wilaya. Asingekuwepo Dokta Ngowi, wangefika Dar kukatwa kulekule. Na kila mmoja ana lake linalomkosesha usingizi. Wewe mwenye haraka, usiniambie kitenge kikatwe vipande vitatu, maana nadhiri ilisema nguo, haikusema vitambaa vya kufutia meza. Wala usiniambie asipewe mtu. Bi Kidawa ameweka nadhiri na Mungu wake, na mpaka aitimize hatashona sare ya mtoto yeyote.

Cherehani imesimama. Mguu uko juu ya pedeli, una joto lake.

Je, wewe ungemwita nani asimame apimwe? Na huyo utakayemwita, ungemwambia nini mpaka akubali kuivaa?