Jina la Pipa la Darini

Hapo zamani, katika milima ya Lwangala, ambako mahindi huota marefu kuliko mapaa ya nyumba na baridi huingia hata ndani ya blanketi, palikuwa na nyumba iliyokeneka pombe kali ya mahindi. Mwenye nyumba aliitwa Bibi Subilaga. Mahindi yalivundikwa yakachachuka, yakachemshwa, mvuke ukapozwa ukawa matone meupe kama maji ya mvua. Matone yale yalitiwa kwenye mapipa ya mbao yaliyounguzwa ndani kwa moto, yakakaa humo miaka mpaka yakageuka rangi ya chai.

Mapipa karibu yote yalimiminwa katika tangi moja, yakachanganywa, ili kikombe cha leo kifanane na cha jana. Lakini kila mwaka, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, pipa moja liliachwa peke yake. Halikuchanganywa na jingine wala kutiwa maji. Na kwenye kifuniko chake palichomwa, kwa chuma cha moto, jina la mtu aliyelifanya liwe lilivyo. Jina moja tu. Mtu huyo alipewa safu yake ghalani, aweke mapipa yake mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumtoa katika nyumba ile maisha yake yote.

Ubora wa pipa ulijulikana kwa ukimya. Watu wa Lwangala ni wasemaji, na pombe ya kawaida huwazidishia maneno. Lakini pipa lililo pipa likifika mdomoni, hunyamaza wote, kila mtu akisikiliza ulimi wake. Pipa lisilowanyamazisha lilirudishwa tangini, na mwonjaji aliyelichagua alirudishwa kwao.

Mwaka huo mwonjaji alikuwa Atuganile, msichana mwembamba mwenye pua kali na moyo wa wasiwasi. Shangazi yake ndiye aliyekuwa mwonjaji kabla yake, mpaka homa ilipomnyang'anya harufu zote, hata ya moshi. Bibi Subilaga alimpokea Atuganile kwa majaribio. Pipa lake likiwanyamazisha wageni, abaki. Likishindwa, arudi kwa shangazi akalime viazi. Na Atuganile hakuwahi kupenda kitu kama alivyopenda kazi ile.

Basi alijichunga. Hakugusa kitunguu tangu mwezi uandame. Hakujipaka mafuta ya kunukia. Asubuhi ya kuonja alitafuna ugali baridi usio na chumvi ili kusafisha ulimi, akanawa mikono mara mbili, kisha akainusa, kisha akanawa tena.

"Binti, unakwenda kuonja au kuolewa?" Bibi Subilaga akamuuliza.

"Naogopa, Bibi."

"Ogopa tu. Shangazi yako naye alianza kwa kutetemeka, akanimwagia kikombe kizima kwenye kanga."

Ghala lilitunzwa na Tumpe, mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni. Alifungua kizibo cha pipa la kwanza, akateka kidogo kwa kata, akamimina kikombeni. Atuganile akanusa, akaonja, akatema. Tamu, lakini utamu wake unaisha mapema. Akasema, si hili. Wakaenda la pili. Akanusa, akaonja, akatema. Linachoma koo na halina la kueleza. Si hili. La tatu lilikuwa zuri, zuri kweli, lenye harufu ya mahindi ya kuchoma, lakini lilikuwa zuri kama jirani yake. Si hili. Wakamaliza safu nzima, na safu ya nyuma yake, na kila pipa Atuganile akanusa, akaonja, akatema, akasema, si hili. Vikombe vikapangwa ukutani.

Hapo ndipo alipowaona nyuki. Walikuwa wakipita juu ya kichwa chake, mmoja mmoja, wakiingia kwenye ufa wa dari karibu na dohani ya jiko la kukenekea. Akauliza huko juu kuna nini. Tumpe akatazama funguo zake, akasema kuna takataka.

Mwonjaji wa nyumba ile huonja alichofunguliwa, basi. Hapandi, hafungui. Lakini Tumpe alipoitwa jikoni, Atuganile akaweka ngazi akapanda. Akakuta pipa jeusi limelala ubavuni mwa dohani, limezibwazibwa kwa nta kila mahali, na nyuki wameizunguka ile nta. Akaligonga. Likalia kama ngoma, maana zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha kwenda na hewa. Akateka. Rangi yake ilikuwa ya kahawa. Akanusa, akaonja, akatema haraka. Chungu, chungu kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa motoni. Akashuka na kikombe chake, akasema moyoni, si hili.

Lakini Atuganile alikuwa na tabia ambayo shangazi yake aliiita ugonjwa. Hakuamini neno lake la kwanza. Kesho yake asubuhi alirudi kunusa vikombe vitupu. Cha kwanza kilinuka mbao. Cha pili kilinuka mbao. Vyote vilinuka mbao, mpaka alipofika kwenye kile cha darini, akasimama hapohapo.

Palikuwa na asali. Palikuwa na ndizi mbivu iliyobanikwa na ganda lake. Palikuwa na sukari guru na ganda la chungwa, na nyuma ya hayo yote moshi mwembamba, kama wa nyumba ya mtu unayempenda.

Alipanda ngazi peku. Akateka tena, safari hii akadondoshea tone la maji, akangoja. Pombe ikafunguka. Akaonja. Akaonja tena akitafuta kasoro, akaipata: uchungu ule bado ulikuwepo, pembeni kabisa, mwishoni. Akaonja mara nyingine kuuchunguza uchungu wenyewe, akagundua kwamba ndio uliozuia utamu usimwagike. Bila huo, pipa lingekuwa sharubati. Utamu ukaendelea kumzunguka mdomoni hata alipokuwa ameshuka, hata alipokuwa amesimama mbele ya Bibi Subilaga akihema na kusema, Bibi, lipo, lipo darini.

Alimweleza yote, pamoja na ngazi na kutema. Bibi Subilaga akamkaripia kwa kupanda bila ruhusa, akamkaripia vizuri, kisha akaomba kikombe. Alikunywa, akakaa kimya mpaka jogoo akawika mara kadhaa.

Sikukuu ikafika, uani pakajaa. Wazee wa bondeni, ambao utani wao hauna kituo, waliliona pipa limejaa viraka vya nta, wakauliza kama limetahiriwa. Mmoja akasema atakunywa kwa heshima ya marehemu. Akanywa. Alikuwa amefungua mdomo kuongeza neno jingine, likamkwama. Wa pembeni yake akanywa, akanyamaza. Kata ikapita mkono kwa mkono, na ukimya ukaifuata nyuma mpaka uani pote pakasikika nyuki tu. Atuganile alibana kiganja chake kwa kucha. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaishia kupata kwikwi, na hiyo ndiyo iliyouvunja ukimya. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele.

Bibi Subilaga akatia chuma motoni. "Sasa," akasema, "pipa hili limefanywa na nani?"

Hapa ijueni desturi moja ya Lwangala. Mwanamke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, na jina lake halitamki. Sasa mapipa ya nyumba ile yaliundwa na mzee Gwakisa, na huyo Gwakisa alikuwa baba mkwe wa Tumpe. Tumpe akitaka kupita uani alitikisa funguo, mzee akajificha nyuma ya uzio wa mianzi mpaka apite. Mzee akileta pipa aliliacha mlangoni pa ghala, akakohoa, akaondoka. Walifanya kazi pamoja miaka mingi bila kuonana uso.

Basi siku hiyo Gwakisa alisema akiwa nyuma ya uzio, na Tumpe alijibu akiwa ndani, kanga usoni, naye Atuganile akasimama katikati kupeleka maneno huku na huku, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

Gwakisa akaanza. Alisema pipa huunguzwa ndani kwa kipimo cha wimbo: ukiisha wimbo, unamwaga maji. Siku aliyounguza lile pipa, alikuwa katikati ya wimbo aliposikia funguo. Akakimbia nyuma ya uzio, kama ipasavyo. Lakini aliyekuwa anapita alisimama kuzungumza na muuza chumvi.

"Nikakohoa," mzee akasema. "Nikakohoa mpaka kifua kikauma. Mwambie mama Lugano kwamba kukohoa kule hakukuwa kumsalimu."

Watu wakacheka. Tumpe, ambaye ndiye mama Lugano, akasema kutoka ndani mwambieni baba kwamba chumvi siku hiyo ilikuwa nzuri.

Mzee akaendelea. Aliporudi, moto ulikuwa umelila pipa mpaka mbao zimepasuka kama ngozi ya mamba. Alipaswa kulipasua kuni. Akalihurumia, akakwangua makaa, akakaza pete zake, akaliweka mlangoni limefunikwa mdomo chini, ambayo kwa mafundi ni alama kwamba lisijazwe. "Uchungu mliousikia ni moto wangu, na utamu ni moto huohuo. Mimi macho yangu yamechoka, na Bibi ameshaniambia huu ndio mwaka wangu wa mwisho hapa. Kama jina langu halipo kwenye pipa hili, halitakuwepo kwenye jingine."

Tumpe akasema kwa sauti ya chini, na Atuganile akairudia kwa sauti kubwa. Alama ya mafundi hakuijua, na angemuuliza nani? Alidhani pipa limefunikwa kwa sababu ya mvua. Akalijaza. Lilipoanza kuvuja ndipo alipochungulia akaona weusi ule. Na kulirudisha hakuweza. Kumrudishia baba mkwe pipa lake ni kumwambia usoni kwamba amekosea, tena mbele ya watu.

"Nikalipandisha darini," Tumpe akasema, "mahali ambapo Bibi hapandi. Joto la dohani lilikuwa linalikausha, basi nikawa napanda kuligeuza, na kila lilipovuja nikaziba kwa nta. Mvua za masika, baridi ya kipupwe, nilipanda. Nikiwa na mimba ya Lugano nilipanda. Moto wa baba ulikuwa wa siku moja. Mimi nimelilea. Ghala lote hili nimelitunzia wengine, na sijawahi kuwa na safu yangu hata ya pipa moja."

Nyuma ya uzio mzee akakohoa, na mara hii hakuna aliyejua maana yake.

Bibi Subilaga akamgeukia Atuganile. "Na wewe? Au wewe ni tarishi tu?"

Atuganile akajibu. "Mimi nililitema, Bibi. Lakini nilirudi. Mzee alijua ameliharibu, na mama Lugano alijua amelificha. Hakuna kati yao aliyejua ni tamu. Mwaka huu au ujao lingepasuliwa kuni, au lingeisha lote hewani, na leo tusingekuwa tunabishania kitu."

Uani pakachafuka kwa maneno. Wazee wa bondeni walimtaka Gwakisa, wanawake walimtaka Tumpe, na vijana wakamtaka msichana. Wengine wakasema wote watatu wana hatia: aliyeunguza, aliyeficha, na aliyepanda bila ruhusa. Kuna aliyeuliza kwa nini yasichomwe majina yote, akazomewa.

Bibi Subilaga akachomoa chuma. Ncha yake ilikuwa nyekundu. Akamkabidhi Atuganile.

"Mimi nilikaa chini ya dari yangu bila kujua kilicho juu yake," akasema. "Sina haki ya kuhukumu. Ulimi wako ulichagua pipa. Mkono wako uchague jina."

Atuganile akapiga magoti mbele ya kifuniko. Akichoma jina la mzee, Tumpe ataliita nini pipa alilolilea, naye haruhusiwi kulitamka jina hilo? Akichoma la Tumpe, mzee atarudi nyumbani, na moto wake utaitwa kwa jina la mkwewe. Akichoma lake mwenyewe, atabaki, ataonja mpaka nywele ziwe nyeupe, na kila asubuhi atafunguliwa mapipa na mwanamke yule huku ua wa fundi ukiwa mtupu. Asipolichoma lake, atabaki mpaka pipa la kwanza litakaloshindwa kuwanyamazisha wageni, kisha arudi kwenye viazi.

Joto la chuma lilimpiga usoni. Mdomoni, utamu bado ulikuwepo, na pembeni yake ule uchungu.

Sasa nyinyi mliosikiliza mpaka hapa, mmewasikia wote watatu, na chuma kinaanza kupoa. Kama mngekuwa mmekishika nyinyi, mngechoma jina la nani?