Siku Mhandisi Alipovua Viatu

"Maji hayapimwi kwa jicho, hupimwa kwa mguu." Mmeisikia leo sokoni, mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Bi Sikudhani alivua perege katika Mto Lumbwe, mto uliojengewa bwawa upande wa juu. Mwaka wa pili wa bwawa hilo, utulivu ulimtoka. Asubuhi yuko mtoni, adhuhuri yuko mtoni, jioni karudi tena. Kwenye nyasi za ukingoni, vifaranga vya perege vilivyozoea kutawanyika mtu akikohoa tu, sasa vilielea vimelegea. Ukivigusa, havikimbii. Malango ya bwawa yakifunguliwa, vinasombwa kama makapi.

"Mke wangu, mto umejaa tele. Keti," mumewe Chaurembo alimsihi.

Akaketi. Chai haijapoa, keshainuka.

Hatimaye alifunga kanga kiunoni, akatembea nusu siku hadi bwawani. Mhandisi Kilenzi, msimamizi, alimpokea vizuri, akamwonyesha kipimo cha maji.

"Tazama, mama. Tangu masika hatujawanyima maji hata siku moja. Samaki wanataka nini tena?"

"Vua viatu, mwanangu."

"Nivue viatu?"

"Vua, tuingie."

Wakashuka chini ya malango. Mhandisi akakunja suruali, akaingia. Hakumaliza pumzi kumi, akaruka nje akijisugua miguu.

"Lo! Baridi yake inakata mifupa!"

"Wewe umetoka," Bi Sikudhani alisema, mwenyewe angali majini, akitetemeka. "Wale samaki wachanga wana siku nane tangu waanguliwe, na humo ndimo wanamolala."

Kilenzi aligeukia ukuta wa bwawa.

"Tunafungulia maji ya chini kabisa, yasiyofikiwa na jua," alisema polepole. "Lango la juu lipo, mama. Hatukuona haja ya kulitumia."

Barua za kuomba ruhusa zilichukua wiki saba, na wiki zote hizo Bi Sikudhani hakuacha kwenda mtoni. Lango la juu lilipofunguliwa, vifaranga vya mwaka ule vilikwisha kupotea. Misimu miwili nyavu zake zilitoka nyepesi. Msimu wa tatu, aliingia mtoni hadi magotini, na vitu vidogo vikaanza kumdonoa vidole. Chaurembo alimwita mara tatu. Hakujongea.

Basi mtu akijisifia wingi wa kitu ambacho hajakigusa, watu wa Lumbwe humwambia: maji hayapimwi kwa jicho, hupimwa kwa mguu.