Ukurasa wa Mwisho Kwanza

Maktaba ilikuwa na vyumba vinne, na chumba cha riwaya kilikuwa cha nyuma kabisa, kile ambacho jua hukifikia saa kumi jioni likiwa limekwisha kuchoka. Rafu zake zilikuwa za chuma, rangi imebanduka pembeni, na katikati palikuwa na meza ndefu iliyojaa maboksi. Kila mwaka wachapishaji walipoleta riwaya mpya, maboksi yale yaliwekwa pale yakimsubiri mtu mmoja tu. Wenzake walimwita Mchwa. Hawakuwa wakimtukana. Alipoanza kazi, miaka ishirini na miwili iliyopita, alikuwa akila vitabu asubuhi na jioni bila kubagua, na mkutubi mkuu wa siku zile alimpachika jina hilo, likaganda.

Kazi ya Mchwa ilikuwa kuchagua. Kati ya riwaya sitini au sabini alitakiwa kupata kumi na mbili: za ulimwengu wa ajabu, za upelelezi na za kihistoria, maana hizo ndizo wasomaji walizogombania. Kila kitabu alichokichagua alikibandika kikaratasi cha kijani ndani ya jalada, chenye sentensi mbili tatu za maoni yake. Watu wa mji ule waliviamini vikaratasi hivyo kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Lakini Mchwa alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma na macho yalimwasha, ila uchovu wenyewe haukuwa huko. Alichoka kusoma. Mazimwi yaliteketeza miji, wapelelezi walikunja nyuso, majeshi ya kale yalivuka mito usiku, naye alipiga miayo. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu riwaya imfanye asahau chungu jikoni. Alitamani kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kitabu kimoja kimshike tena kama zamani, kimtoe pumzi, kimfanye ajione msichana. Kila boksi alilifungua kwa tumaini hilo, na kila boksi alilifunga bila kulipata.

Uchovu ukamfundisha njia ya mkato. Alisoma kurasa kumi za mwanzo, akaruka hadi ukurasa wa mwisho, kisha akarudi kuchungulia mmoja wa katikati. Kwa namna hiyo alimaliza riwaya sita kwa siku. “Ukijua safari inaishia wapi,” aliwaambia wenzake, “unajua kama inafaa kuianza.” Wenzake waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ni lini mara ya mwisho aliifurahia safari yenyewe.

Mwaka huo, chini kabisa ya boksi la tatu, alikuta riwaya nyembamba iliyoitwa “Bawabu wa Ngome”. Ilikuwa ya kihistoria na ya upelelezi kwa pamoja. Katika ngome ya kale mtunza hazina amekutwa amekufa, mlango umefungwa kwa ndani, na anayesimulia ni karani aliyewaandikia wakubwa wa ngome barua zao zote. Mchwa alisoma kurasa kumi huku akifikiria foleni ya benki. Akafungua mwisho. Palikuwa na barua: “Ni mimi, bawabu, niliyemuua mtunza hazina. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.” Kitabu kikaishia hapo.

“Bawabu!” alisema Mchwa peke yake. “Hata jalada lilishasema.” Akaandika kwenye kikaratasi cha kijani: Fumbo jepesi. Linafaa kwa asiye na muda.

Hata hivyo alikichagua, kwa sababu nakala zake zilikuwa sita, na baraza la wasomaji lililokutana kila mwisho wa mwezi lilihitaji tano. Ya sita aliitia mkobani akaenda nayo nyumbani, ikaangukia mikononi mwa mumewe.

Mume wa Mchwa alikuwa fundi wa majokofu, na kwa usomaji alikuwa kinyume cha mkewe. Alisoma kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi. Kitabu kimoja kilimchukua miezi miwili, naye hakuona aibu. Alikisoma kwenye karakana yake akisubiri gesi ijae, akaweka alama kwa kipande cha waya, na jioni mezani akaleta maswali.

“Hivi huyu bawabu,” alisema siku moja, “mbona kila mtu anamsingizia?”

“Bado tu uko naye?” Mchwa alikuwa ametoka kazini na kichwa kilimgonga. “Baba watoto, bawabu ndiye aliyeua. Kaandika mwenyewe mwishoni. Haya, funga kitabu tule.”

Fundi aliweka kijiko chini. “Mke wangu, umenipokonya tonge mdomoni.”

“Samahani. Nilidhani umeshajua.”

“Ningejuaje nami niko ukurasa wa sabini?”

Hakununa kwa muda mrefu, kwani hakuwa mtu wa kununa. Alisema ataendelea hivyo hivyo, amtazame bawabu vizuri aone ni wapi alipoharibikiwa. Mchwa alimwonea huruma kidogo, kisha akasahau.

Jumatano, siku tatu kabla ya baraza, alirudi nyumbani akamkuta mumewe ameketi kibarazani, kitabu kimefungwa mapajani, mikono bado ina grisi. Hata hakumsalimu.

“Umepatwa na nini?” aliuliza Mchwa.

“Siye bawabu.”

“Nimeisoma barua yake kwa macho yangu!”

“Barua umeisoma, sikatai. Lakini siye bawabu.” Fundi alicheka, na kicheko chenyewe kilitetemeka. “Mama, mimi nagusa nyaya za umeme kila siku, lakini leo ndipo nimejua kupigwa shoti. Mwili mzima umenisisimka. Nimekaa hapa saa nzima siwezi kuinuka.”

Mchwa alimtazama. Wivu ulimchoma, wivu wa kweli, kama wa mtu mwenye njaa anayesikia harufu ya chakula cha jirani. “Basi niambie. Ni nani?”

“Sikuambii.”

“Jumamosi nitasema nini mbele za watu?”

“Sikuambii, hata unikate.” Alimwekea kitabu mikononi, akakifunika kwa viganja vyake vyote viwili. “Miaka yote hii unalalamika kwamba hakuna kitabu. Hiki hapa! Kaa kitako, anza mwanzo, kurasa zote, kwa zamu zake. Nitapika mimi, vyombo nitaosha mimi. Siku tatu zinakutosha. Nakusihi, mke wangu, hiki usikiruke.”

Aliingia jikoni. Mchwa alivua viatu, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza.

Safari hii alisikia. Karani alikuwa na sauti tamu, ya mtu mpole anayependa kila mtu ngomeni. Alieleza harufu ya wino, baridi ya mawe asubuhi, na jinsi bawabu alivyomletea uji siku alipougua. Mchwa alifika ukurasa wa ishirini, wa thelathini, na ghafla akagundua kwamba mgongo hauumi. Au labda uliuma, lakini hakuwapo kuusikia. Moyo ulimdunda. “Ni chenyewe,” aliwaza. “Mungu wangu, ni chenyewe.” Machozi yalimlengalenga.

Hapo hapo pupa ikaamka. Kama si bawabu, ni nani? Alisoma mistari miwili bila kuelewa, kwa kuwa swali lilikuwa limemziba masikio. Alijiambia atachungulia mara moja tu, atulize roho, kisha asome kwa raha. Vidole vilikuwa na mazoea ya miaka mingi, navyo vilikuwa vimeshaanza kupekua kabla hajamaliza kujidanganya. Akapita sura ya tano, ya nane, ya tisa, hadi ukurasa wa mia moja arobaini na moja. Bawabu anapokea ujira wake. Kwa kuwa hajui kusoma wala kuandika, anachovya dole gumba kwenye wino na kuligandamiza karatasini.

Ulikuwa mstari mmoja tu, na ulitosha. Asiyejua kuandika hakuandika barua ile ya mwisho. Na ndani ya ngome mwandishi wa barua alikuwa mmoja, yuleyule mpole aliyekuwa akimsimulia mambo kwa sauti tamu tangu ukurasa wa kwanza.

“Ahaa,” alisema Mchwa. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeona funguo alizozipoteza, na baada ya hapo hakusikia chochote tena ndani yake.

Fundi alitokea mlangoni na upawa mkononi. Aliona kidole cha mkewe kilipo, akaona na uso wake.

“Umeruka,” alisema.

“Nimechungulia tu.”

Hakugomba. Laiti angegomba. Alisimama pale kama mtu aliyebeba zawadi mwendo mrefu ikamvunjikia mlangoni. “Haya,” alisema hatimaye. “Chakula kiko tayari.”

Alhamisi na Ijumaa Mchwa alikisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa uaminifu ambao hakuwa ameuonyesha kwa miaka. Kilikuwa kimesukwa barabara. Aliona kila mahali karani alipodanganya na kila mahali alipoficha. Alikisifu kichwani, akakubali hata koma zake. Lakini alikuwa kama mtu anayetazama mazingaombwe akiwa nyuma ya pazia, na hakuna unywele uliomsisimka.

Jumamosi baraza lilikutana kwenye meza ile ndefu. Muuguzi mstaafu, mzungumzaji kuliko wote, hakusubiri hata kuketi.

“Mchwa, wewe! Eti fumbo jepesi? Nilipofika kwenye ile barua nilipiga ukelele, mjukuu wangu akadhani nimeona nyoka! Na sufuria imeungua, haifai tena!”

“Mimi yule karani nilimpenda,” alisema mwalimu wa hesabu kwa uchungu. “Nilimpenda kama ndugu yangu! Baada ya barua nilirudi ukurasa wa dole gumba mara tatu, sikutaka kuamini.”

“Wewe uliona dole gumba mapema?” muuguzi alimuuliza.

“Niliona, nikapita! Mjinga mimi!”

Walicheka, wakapokonyana maneno, wakasomeana vipande. Watu wazima, wengine wana mvi, walikuwa wakirukaruka vitini kama watoto. Fundi, aliyekuja kusaidia kupanga viti, alikaa nyuma akitabasamu nao. Mchwa aliwatazama mmoja mmoja.

“Na wewe je?” muuguzi alimgeukia. “Wewe bingwa wetu, kilikushika wapi?”

Mchwa alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, alikuwa ameyaandaa tangu jana, na lolote kati ya hayo lingemtosha muuguzi. Alifungua kinywa, akamwona mumewe ameinamisha kichwa.

“Hakikunishika,” alisema. “Nilianzia mwisho. Mume wangu alinirudisha mwanzo, kikaanza kunishika, nami nikaruka tena. Nimekingojea kitabu hiki miaka kumi, jamani. Sasa nakijua chote, na sijapata kukisoma.”

“Lakini si utakisoma tena?” aliuliza mwalimu kwa upole.

“Kukisoma tena naweza hata kesho. Kukisoma mara ya kwanza ndiko siwezi tena, mpaka naingia kaburini.”

Muuguzi alimshika mkono. Baada ya muda mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kuhusu ule uji wa bawabu, mwingine akamjibu, na kidogo kidogo vicheko vikarudi mezani. Mchwa aliketi katikati yao, kitabu mbele yake, akisikiliza wenziwe wakijilamba vidole. Ndipo alipoielewa, kwa uchungu wa aliyeyatenda mwenyewe, hukumu ambayo wahenga waliitoa zamani: mwenye pupa hadiriki kula tamu.